Baba wa Mwinjilisti

Siku Laurian Matiko alipopigiwa simu kuambiwa kwamba kanisa limemteua kuwa mwinjilisti wa muda wote, alikuwa anapiga pasi mashuka ya wageni katika hoteli moja ya kitalii karibu na geti la hifadhi la Ikoma. Alisikiliza, akasema "amina" mara tatu, akakata simu, kisha akalirudia shuka lile lile ambalo alikuwa ameshalinyoosha. Wenzake wa chumba cha dobi wakadhani ni furaha imemzidi. Wapi! Mtu akiomba jambo kwa miaka sita, akalifungia na kulililia, halafu siku ya kulipata akabaki kunyoosha shuka lililokwisha kunyooka, ujue kuna kitu alikificha mahali.

Alichokificha Laurian kilikuwa neno moja kwenye fomu. Alipojiandikisha kwenye kozi ya wainjilisti, fomu ilimtaka aandike jina la baba, na kwenye mstari wa chini aseme kama baba huyo yu hai. Kwenye jina akaandika Matiko. Kwenye mstari wa chini akaandika "marehemu". Matiko mwenyewe siku hiyo alikuwa nyumbani Nyakunguru, Tarime, mzima wa afya, akigombana na jirani kuhusu mbuzi aliyeingia kwenye mihogo.

Tena Matiko ni mwanamke. Mtu wa Tarime akisikia jina hilo la kike limekaa nyuma ya jina la mwanamume hahitaji maelezo, lakini wengine tuwaeleze. Kwa Wakurya, mwanamke aliyezeeka bila mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe akaoa msichana, na watoto watakaozaliwa na msichana huyo wakawa wa nyumba yake. Ndiyo inayoitwa nyumba ntobu. Matiko alizaa mabinti wawili, wakaolewa wakaondoka, mumewe akafa, akabaki na boma lisilo na mrithi. Akatoa ng'ombe, akamwoa Ghati, binti wa miaka kumi na saba, na Ghati akamzaa Laurian. Nani alimpa Ghati mimba ile ni swali ambalo katika boma lile halikuulizwa, na Laurian naye hakuwahi kupata ujasiri wa kuliuliza.

Nyumbani alimwita Matiko bibi. Lakini palipotakiwa baba, bibi huyo ndiye aliyekwenda, na alikwenda amevaa koti jeusi la kiume aliloachiwa na marehemu mumewe, mikono ameikunja mara mbili. Alilivaa siku ya kumwandikisha Laurian darasa la kwanza. Mwalimu Verdiana, Mhaya aliyekuwa amepangiwa kazi huko mwaka huo huo, alimuuliza, "Bibi, baba wa mtoto anaitwa nani?"

"Matiko."

"Na wewe unaitwa nani?"

"Matiko."

"Majina yenu yanafanana?"

"Mwalimu, mimi ndiye. Andika."

Mwalimu akaandika. Koti hilo hilo Matiko alilivaa Laurian alipotahiriwa, na akalivaa tena walipokwenda Utegi kwa Wajaluo kumposa Dorah. Mzee Olima, baba yake Dorah, alipomwona bibi kizee anakaa upande wa wanaume, aliuliza kwa adabu huyu mama amefuata nini huku. Matiko akavuta ugoro kwanza, akapiga chafya, akasema, "Nimefuata mke wa mwanangu." Wazee wa Utegi wakatazamana, kisha mmoja akamwondokea kwenye kiti kizuri zaidi. Mpaka leo Dorah akitaka kumchokoza mumewe humwambia, "Mimi niliolewa kwa sababu ya baba yako, wewe ulikuwa unatetemeka tu."

Sasa mtu aliyelelewa hivyo anawezaje kumwandika mlezi wake marehemu? Ni aibu, hakuna zaidi. Laurian aliokoka akiwa na miaka ishirini na minne kwenye mkutano wa Injili Mugumu, na mhubiri wa siku ile alizitaja nyumba ntobu kwa jina, akasema ni chukizo. Laurian alihisi mhubiri anamnyooshea kidole yeye. Alijua pia jinsi mama yake, Ghati, alivyokuwa anakaa benchi la mwisho kanisani Nyakunguru, mwaka wa ishirini huo, bila kuruhusiwa kushiriki Meza ya Bwana kwa sababu ya nyumba aliyoolewa. Alipofika kwenye mstari ule wa fomu aliona akieleza ukweli ataambiwa aanze na kwao. Neno "marehemu" lilikuwa fupi, likamaliza maneno.

Mchungaji Danford, kiongozi wa jimbo, hakushuku lolote. Ni mtu wa Njombe, mpole, mpenda utaratibu, anayetembea na kaunta buku jeusi analoandika kila kitu, hata idadi ya viti vilivyovunjika. Kwake Matiko lilikuwa jina la mzee fulani wa Kikurya, basi. Kila Januari, kwenye maombi ya kuwaombea waliofiwa na wazazi, alimtaja Laurian, naye Laurian aliinamisha kichwa na kupokea pole. Mzee wa kanisa Revocatus, Mkurya aliyekuwa kwenye halmashauri ya jimbo, alijua vizuri sana Matiko ni jina la nani. Ila pole za Januari alidhani ni za mume wa Matiko aliyekufa zamani, na habari ya jina kwake haikuwa jambo la kutangaza. Nani katika Tarime asiye na nyumba ya namna hiyo kwenye ukoo wake?

Kama mambo yangeishia kwenye fomu, tungemhurumia tukaendelea na shughuli zetu. Lakini aibu ya Laurian ilitafuta kazi ya kufanya. Nje kidogo ya Ikoma, kwa Wakurya waliohamia huko, kulikuwa na bibi mmoja, Agustina, aliyemwoa msichana aitwaye Wegesa, wakawa na watoto watatu. Laurian, wakati huo mwinjilisti wa kujitolea, alikwenda kwao kila Jumatano kwa miezi minane. Alifundisha kwa bidii, na alifundisha vizuri, maana ana kipawa. Mwishoni akamwambia Agustina kwamba hawezi kubatizwa akiwa na mke. Agustina akamruhusu Wegesa aende, kisha yeye mwenyewe akabatizwa. Laurian akaandika ripoti ya kurasa mbili, ripoti ikasomwa mbele ya jimbo zima, watu wakapiga makofi. Mchungaji Danford akaibandika kwenye kaunta buku.

Ndiyo sababu sauti ya mchungaji kwenye simu ilikuwa imejaa matumaini. "Kituo chako kitakuwa Nyakunguru, nyumbani kwenu," alimwambia. "Tunataka watu wahubiriwe na mtoto wao. Na kule nyumba za aina ile nasikia ni nyingi. Ukianza kama ulivyoanza kwa Agustina, Bwana atafanya makubwa."

Kisha akaongeza utaratibu. Katika kanisa hilo, mwinjilisti anapowekwa kazini wazazi wake husimama mbele ya watu wakaulizwa kama wanamtoa mtoto wao kwa kazi ya Mungu, nao hujibu, "Tunamtoa." Bila jibu hilo mikono haiwekwi. "Mama yako atasimama peke yake," mchungaji akasema, "lakini Mungu ni mume wa wajane."

Wiki iliyofuata Laurian alipanda pikipiki kwenda Nyakunguru kuandaa mambo. Alimkuta Matiko uani anachambua maharage kwenye ungo, macho yameingia ukungu lakini vidole vinajua jiwe ni lipi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Nimesikia wanakupa kazi."

"Ndiyo, bibi. Jumapili ya tatu kuanzia hii."

"Ghati ameshalianika koti."

Laurian alitazama kamba ya nguo. Koti jeusi lilikuwa limening'inizwa juani, limepigwa brashi, kifungo kilichokuwa hakipo kimeshonwa kingine cha rangi ya kahawia. Akaanza kueleza kwamba siku hiyo kutakuwa na watu wengi, ibada itakuwa ndefu, jua kali, na yeye bibi miguu inavimba, ingekuwa vizuri apumzike nyumbani.

Matiko aliendelea kuchambua. "Wanaita wazazi au hawaiti?"

"Wanaita, ila mama atatosha."

"Siku ya shule alitosha? Siku ya kwa Olima alitosha?"

"Bibi, kanisani mambo ni mengine."

Matiko akapepeta ungo mara mbili. "Haya," akasema. "Ni kazi yako." Akalitupa jiwe moja mbali, likampiga kuku.

Jikoni Ghati alimkalia mwanawe kooni. "Usimfanyie hivyo," alimwambia kwa sauti ya chini. "Mimi siku ng'ombe walipoingia kwetu nililia, sitakudanganya. Nilitaka kijana, nikaletewa bibi. Lakini hajawahi kuninyanyulia mkono hata siku moja. Ulipougua degedege alikubeba mgongoni mpaka zahanati, na mvua inanyesha. Ukimwacha hapa siku ile utakuwa umemwacha kweli."

"Mama, nikimleta nitapoteza kazi."

"Basi utajua mwenyewe," Ghati akasema, akageukia sufuria.

Laurian alirudi Ikoma kufunga mizigo. Wiki moja kabla ya kuhama alikwenda mashineni kusaga mahindi, akamkuta Agustina ameketi kwenye gunia akisubiri foleni, amekonda. Laurian alimwamkia. Agustina aliitikia kwa furaha ya kweli, maana alimpenda kijana yule, akamwuliza habari za Dorah na watoto. Kisha Laurian, kwa kuwa hakujua aseme nini, akamwuliza Wegesa anaendeleaje.

"Yuko Sirari, anauza mitumba. Watoto wanasoma huko, wanazungumza kama Wakenya," Agustina akasema. "Amenisahau, na simlaumu. Mimi ndiye nilimwambia aende."

"Na wewe, bibi, unakaa na nani?"

"Nakaa na redio." Akacheka kidogo. "Siku ile ya kubatizwa maji yalikuwa baridi. Nikarudi nyumbani natetemeka, hapakuwa na mtu wa kuwasha moto. Ndipo nikajua nimefanya nini. Lakini nilijipa moyo, nikasema, huyu kijana anajua anachoniambia."

"Mimi nilikuwa najua nini, bibi?"

Agustina alimtazama kwa mshangao, kama mtu aliyeulizwa jina la kijiji chake. "Wewe si Laurian wa Matiko? Jina lako nililijua siku ya kwanza ulipoingia uani kwangu. Nikasema, huyu ametoka humo humo, kama anasema nyumba hii ivunjwe, basi ya kwao alishaivunja akaona faida. Mwingine nisingemsikiliza." Kisha akauliza, bila ubaya wowote, "Matiko wenu alibaki na nani?"

Zamu ya Agustina ikafika, akainuka. Laurian alimbebea gunia hadi kwenye mashine, akambebea unga hadi kwake, akawasha moto, akachota maji madumu mawili. Mahindi yake mwenyewe aliyasahau mashineni. Dorah alipomwona anarudi mikono mitupu, uso umemshuka, alimketisha akamtoa maneno yote. Kuhusu fomu hakuwa amewahi kuambiwa.

"Ulimuua baba yako kwenye karatasi," Dorah akasema, na safari hii hakuwa anamtania. "Mpigie mchungaji sasa hivi."

Alipiga. Mchungaji alipopokea, Laurian alizungumzia viti. Kesho yake alipiga tena, akazungumzia spika na jenereta. Siku ya tatu alikwenda ofisini kwa miguu yake, akaketi, akafungua kinywa, na mchungaji akamwonyesha cheti kilichokwisha kuandikwa kwa wino mzuri: Laurian, mwana wa marehemu Matiko. Laurian akasema ni kizuri. Namchukia kidogo kwa siku hizo tatu, lakini naelewa. Uongo uliokaa miaka mingi umeshapata kiti chake ndani ya nyumba, huwezi kuuambia tu simama utoke.

Jumapili ikafika. Kanisa la Nyakunguru lilijaa hadi nje, maturubai yakafungwa pembeni, kwaya mbili zikaimba. Mchungaji Danford alihubiri kwa Kiswahili na Mzee Revocatus akatafsiri kwa Kikurya, kwa sababu akina bibi wa mabenchi ya nyuma Kiswahili hukisikia kwa shida. Laurian alikaa mbele na suti ya kuazima. Kila mara alipogeuka aliona mama yake yuko peke yake, na kiti cha pembeni yake kitupu. Watu wengine nao walikiona. Siku ya mtoto wa Matiko, Matiko hayupo? Wakanong'onezana kwamba labda anaumwa.

Mahubiri yalipokwisha mchungaji alifungua kaunta buku, akaita mzazi wa mwinjilisti. Ghati akasimama, kichwa ameinamisha. Mchungaji akasema kwa sauti yake ya upole, "Kabla sijamwuliza mama huyu swali, naomba tusimame wote kwa dakika moja, kwa ukimya, tumkumbuke mzazi mwenzake, Matiko, ambaye Bwana amemtwaa."

Mzee Revocatus alikuwa ameshafungua kinywa. Alikifunga. Alimtazama Laurian, na Laurian alitazama sakafu. Sasa Revocatus ni mtu aliyefundishwa kwamba mtafsiri hana maneno yake mwenyewe, na huenda alidhani wenyeji wa boma wamepata habari asubuhi hiyo ambayo yeye hana. Akatafsiri. Kwa Kikurya ilitoka kavu kabisa: Matiko amekufa.

Yowe la kwanza lilitoka benchi la nyuma. La pili likadakia. Kabla dakika ile ya ukimya haijaanza, akina mama walikuwa wameshika vichwa, wanalia, "Matiko! Matiko wee!" na kiti kile kitupu kikawa ushahidi. Ghati alikuwa amemwacha mzima asubuhi, akiwa anakunywa uji. Akasikia, akaamini kwamba habari imetoka nyumbani wakati yeye akiwa ibadani. Alivua viatu, akapita katikati ya watu, akatoka mbio.

Laurian akanyakua kipaza sauti. "Hajafa!" akasema. "Yuko nyumbani, ni mimi niliyeandika..." Jenereta lilikuwa limezimika. Neno la kweli la kwanza alilolisema katika jambo hilo halikusikiwa na mtu yeyote, kanisa lote lilikuwa linamiminika nje kuelekea kwa Matiko, kwaya na majoho yao, watoto, wageni wa jimbo, na mchungaji Danford nyuma yao akiuliza kila anayempita, "Kwani amekufa lini? Si alikufa zamani?" Hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumjibu.

Boma liko hatua kama mia nne kutoka kanisani. Matiko alikuwa ameketi uani kwenye kigoda, ugoro mkononi. Alikuwa amevaa lile koti. Hakuna aliyemwambia alivae, na hakuwa na mahali pa kwenda nalo. Alilivaa tu, kwa kuwa ilikuwa siku yake, akakaa nalo nyumbani. Ghati alifika akamwangukia magotini akimshika miguu, mikono, uso, akilia na kucheka. Kisha uwanja ukajaa waombolezaji.

"Nani amekufa?" Matiko akauliza.

Watu wakaanza kujipangusa machozi. Bibi mmoja aliyekuwa amelia kuliko wote akasema kwa hasira, "Wewe."

"Nani kawaambia?"

Laurian alipita katikati yao. Alikuwa na hofu, na hofu hiyo haikuwa ya kazi tena. Alipiga magoti mbele ya kigoda, suti ya kuazima kwenye vumbi na mavi ya kuku, na neno lililomtoka ni lile ambalo Mkurya humwita baba yake, ambalo hakuwahi kumwita Matiko hata siku moja.

"Tata," akasema. "Ni mimi. Niliandika umekufa. Niliona aibu."

Matiko alinyoosha mkono akampapasa kichwa, uso, bega, kwa vidole vile vya kuchambulia maharage. Nyuma yao mchungaji Danford alifika akihema, kaunta buku kifuani. Laurian akageuka akiwa bado amepiga magoti. "Mchungaji, huyu ndiye Matiko. Ndiye aliyemwoa mama yangu, ndiye baba yangu. Na Agustina alinisikiliza kwa sababu alidhani nimeshafanya kwetu nilichomwambia afanye kwake. Ile ripoti ni ya uongo hata palipoandikwa kweli."

Mchungaji aliangalia kitabu, akamwangalia bibi aliyevaa koti la kiume, akamwangalia Mzee Revocatus. Revocatus akatikisa kichwa polepole kukubali kwamba ndivyo ilivyo. Kwa dakika nzima, ile ile aliyoiomba kanisani, palikuwa kimya kweli. Danford si mtu wa maneno ya haraka. Akipotelewa hurudi kwenye utaratibu. Akafungua ukurasa, akasoma swali lililoandikwa.

"Mzee... mama Matiko. Unamtoa mwanao kwa kazi ya Mungu?"

"Simtoi," Matiko akasema.

Watu wakaguna.

"Marehemu hatoi mtoto," akaendelea. "Mniandike kwanza kwamba mimi ni mzima. Halafu siku nyingine mje mniulize vizuri, nikiwa nimekaa kwenye kiti kama wengine. Leo kuleni wali wenu mwende."

Waliula wali. Ulikuwa umepikwa mwingi, na watu waliotoka kulia huwa na njaa.

Laurian hakuwekwa kazini siku hiyo. Jimbo lilimsimamisha mwaka mmoja, akaachiwa kazi ya kujitolea tu, na hotelini nafasi yake alikuwa ameshapewa mwingine, kwa hiyo yeye na Dorah walilima mihogo ya Matiko kwa jembe la mkono na kuiuza sokoni Nyangoto. Ripoti ya Agustina alikwenda mwenyewe kuomba ibanduliwe. Alisafiri hadi Sirari kuongea na Wegesa. Wegesa alimsikiliza huku anakunja suruali za mitumba, akamwambia harudi, maisha yake ameshayapanga, lakini watoto wakifunga shule atawatuma kwa bibi yao. Aliwatuma. Agustina aliwasha moto kabla hawajafika. Suala la nyumba ntobu lenyewe limewekwa kiporo na jimbo. Wanabishana mpaka leo, na Ghati bado yuko benchi la mwisho, ila sasa Matiko hukaa naye, akipinga mahubiri kwa sauti ambayo kila mtu anaisikia.

Mwaka ulipokwisha mchungaji Danford alirudi Nyakunguru. Kanisa halikujaa kama mara ya kwanza. Viti viwili viliwekwa mbele, Ghati akakaa kimoja, Matiko akakaa kingine na koti lake. Mchungaji alipofungua kaunta buku kuuliza lile swali, Matiko aliinua mkono.

"Kwanza nisomee. Umeandikaje?"

Mchungaji akainamisha uso karibu na karatasi, ingawa maandishi yalikuwa makubwa. "Jina la baba, Matiko," akasoma. "Yu hai."

Matiko akashika fimbo, akamkatalia Laurian aliyetaka kumsaidia, akainuka mwenyewe, akafunga kile kifungo cha rangi ya kahawia.

"Sasa niulize," akasema.